Ndoo, mtungi wa poda au pampu: kikundi cha mtaa Lamu kinunue nini kwanza dhidi ya moto

Gari la zimamoto haliingii kwenye mitaa ya kale ya Lamu. Kuna vichochoro ambamo punda wawili wenye shogi hupishana kwa taabu, na hata Usita wa Mui, njia kuu yenyewe, si njia ya lori. Kwa hiyo dakika kumi za mwanzo za moto wowote Langoni, Mkomani au Shela ni za majirani, na kitakachotokea ndani ya dakika hizo kinategemea vitu walivyonunua na kuvizoea miezi mingi kabla. Ukuta wa matumbawe huzuia moto vizuri. Paa la makuti halizuii chochote. Faza, kwenye kisiwa jirani cha Pate, mwaka 2009 moto uliteketeza mamia ya nyumba, na hapa Lamu mjini pia kuna mitaa ambayo kuti la nyumba moja linagusa kuti la jirani.

Kamati ya msikiti, chama cha akina mama au kikundi cha vijana kikipata fedha kidogo za kujikinga na moto, mapendekezo mezani huwa matatu: mapipa na ndoo, mitungi ya kuzimia moto, au pampu ya petroli ya kuvuta maji baharini. Mara nyingi pampu hushinda kura, kwa sababu inaonekana, inanguruma, na ikipigwa picha hupendeza. Sisi tunaona mtaa wenye makuti uanze na mapipa, ndoo na upembo, yaani mti mrefu wenye kulabu. Vizimamoto viende jikoni, dukani na botini. Pampu ije mwisho, na iwe mali ya mitaa kadhaa kwa pamoja. Sababu ziko kwenye hesabu ya maji na kwenye mambo yanayoharibika.

Mapipa na ndoo

Watu ishirini wakijipanga kwa nafasi ya mita moja na nusu, mstari hufika karibu mita 30. Ndoo ya lita 10 ikipita kila baada ya sekunde sita, ni ndoo kumi kwa dakika, yaani lita 100. Robo humwagika njiani, hasa usiku, kwa hiyo kinachofika motoni ni kama lita 75. Pipa la lita 200 basi huondoka kwa dakika mbili, na mapipa kumi ni dakika ishirini. Maji hayo yanatosha kuzima pazia, kapu la nguo au kona ya jiko. Hayatoshi kuzima paa la makuti lililoshika lote, lakini yanatosha kulowesha paa la jirani ili lisishike. Kila mwanakikundi lazima aielewe tofauti hii, maana kosa kubwa la mstari wa ndoo ni kuyamwaga maji yote kwenye nyumba ambayo imeshakwenda, huku vinga, vipande vya kuti vinavyowaka, vikiangukia nyumba ya tatu ambayo hakuna anayeitazama.

Kwa mtaa wa nyumba thelathini hivi, anzeni na mapipa kumi yaliyowekwa mawili mawili kwenye vituo vitano, kila kituo kisipite mita 40 kutoka kingine. Ndoo ziwe arobaini, nane kwa kila kituo, za plastiki ngumu na zenye mshikio wa waya mnene. Ndoo za rangi zilizotumika hufaa, lakini mshikio wake wa plastiki hukatika ndoo ikijaa, na huwa inakatika mkononi mwa mtu wa tatu, mstari wote ukasimama. Badilisheni mishikio kabla ya kuziweka. Ongezeni ngazi mbili za mita nne na tochi za kichwani sita. Ndoo isijazwe hadi juu: robo tatu hutupika, iliyojaa pomoni humwagikia mbebaji. Mstari wa pili, wa watoto wakubwa na wazee wenye nguvu, hurudisha ndoo tupu. Bila mstari huo, ndoo arobaini zote zitakuwa zimerundikana upande wa moto baada ya dakika nne.

Pipa likijaa lina uzito wa kilo 200 na zaidi, kwa hiyo halipandishwi darini kwenye boriti za zamani. Likae chini, kivulini, kando ya baraza, kwa sababu jua hupasua plastiki. Pipa lililowahi kubeba petroli au kemikali za kuyeyushia rangi lisitumike hata likioshwa mara kumi.

Adui halisi wa mapipa ni kiangazi. Mfereji ukikauka siku tatu, maji ya moto huchotwa kuoshea vyombo, na hakuna wa kumlaumu mama mwenye watoto. Dawa inayofanya kazi ni kuyajaza maji ya bahari. Hayanyweki, hayafui, hayaibwi, na mbu wa dengi hawazaliani kirahisi humo, ingawa kifuniko bado kinahitajika ili taka zisiingie. Hasara zake ni mbili. Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji matamu, kwa hiyo swichi kuu ya nyumba lazima izimwe kabla ya ndoo ya kwanza kurushwa. Na chumvi hula plasta ya chokaa, kwa hiyo baada ya tukio kuta zisuuzwe kwa maji matamu. Ni gharama inayobebeka ukiilinganisha na pipa tupu.

Birika la msikiti, lile la maji ya kutawadhia, ni hazina ambayo vikundi vingi huisahau. Lipimeni kwa mita: urefu mara upana mara kina, kisha zidisha kwa 1,000 kupata lita. Birika la mita 2 kwa mita 1.5 lenye kina cha sentimita 80 lina lita 2,400, sawa na mapipa kumi na mawili. Ruhusa iombwe kwa imamu na kamati mapema, iandikwe, na ijulikane ufunguo uko kwa nani usiku. Wakati wa moto si wakati wa kutafuta ufunguo.

Upembo, ambao hauuzwi dukani

Kwenye makuti, chombo kinachookoa mtaa si maji peke yake. Ni kukata njia ya moto: kuangusha makuti ya nyumba moja au mbili zilizo mbele ya upepo kabla moto haujafika. Kwa kazi hiyo unahitaji upembo nne, kila mmoja na mpini wa mti mkavu au mwanzi mnene wa mita nne, na kulabu ya nondo ya milimita 12 ambayo fundi wa kuchomelea ataipinda na kuichonga ncha kwa nusu siku. Mpini usiwe wa bomba la chuma, kwa sababu nyaya za umeme hupita juu ya mapaa hayohayo. Kamba ya kuvutia iwe ya katani au ya makumbi. Ya nailoni huyeyuka na kushikana na ngozi.

Upepo huamua mahali pa kukata. Kaskazi, ambayo huvuma takriban Desemba hadi Machi na ndiyo huyakuta makuti makavu kuliko wakati wote, husukuma moto kuelekea upande wa kusini. Kusi husukuma kwa kinyume. Kinga chepesi cha kuti hubebwa na upepo kupita nyumba kadhaa, kwa hiyo kundi la upembo halifanyi kazi kwenye nyumba inayoungua. Linatangulia mbele, na nyuma yake kuna walinzi wawili wenye ndoo na matawi mabichi wanaotazama mapaa ya mbali.

Ugumu wa upembo hauko kwenye chuma. Uko kwa watu. Nani atasema paa la fulani liangushwe, ilhali nyumba yake haijashika hata cheche? Mtaa ambao haukukubaliana kabla hubishana mlangoni, na moto haungoji ubishi uishe. Kwa hiyo kabla ya kutengeneza upembo wa kwanza, kaeni na wenye nyumba wote, wakiwemo wapangaji na wale wenye nyumba wanaoishi Mombasa, muandikiane mambo matatu. Kwanza, mtu mmoja anayetoa amri na wawili wa kumrithi akiwa safarini. Pili, mtaa mzima utachangia kurudisha paa lililoangushwa kwa amri hiyo, makuti na kazi, ndani ya muda uliotajwa. Tatu, amri ikitolewa haipingwi usiku ule, malalamiko ni ya kesho yake mbele ya mzee wa mtaa. Karatasi hiyo ina thamani kuliko vifaa vyote vilivyotajwa hapa. Kikundi kisichoweza kuipata saini hiyo kisidanganyike kwamba pampu itaziba pengo lake.

Kuna wanaouliza kwa nini wasibadilishe makuti kwa mabati wakamaliza. Kwa nyumba zilizo ndani ya eneo la urithi, ambalo UNESCO ililiorodhesha mwaka 2001, kubadilisha paa si uamuzi wa mwenye nyumba peke yake. Anzeni kwa ofisi ya makavazi.

Mitungi ya kuzimia moto

Kizimamoto ni kifaa cha mtu mmoja, kwa moto mdogo, kwa sekunde chache. Mtungi wa poda wa kilo 6 huisha kwa sekunde 15 hadi 20, na poda yake hufika mita nne au tano hivi. Ndani ya mipaka hiyo hakuna kinachoushinda: hauhitaji watu ishirini, hauhitaji maji, na huzima petroli na gesi inayowaka, vitu ambavyo ndoo huvizidisha.

Ukipelekwa kwenye makuti, hata hivyo, unapotea bure. Moto wa paa uko juu ya kichwa, poda hurudi chini, na hata ukiona mwali umekufa, makaa ndani ya tabaka za kuti yapo palepale. Baada ya dakika chache unawaka upya, na mtungi umeshakuwa chuma kitupu. Vikundi vilivyotundika mitungi ya poda kwenye nguzo za mtaa wa makuti vimejinunulia utulivu wa moyo tu.

Aina zinatambulika kwa rangi ya bendi kwenye mtungi mwekundu: bluu ni poda, krimu ni povu, nyeusi ni hewa ya kaboni. Poda hufaa duka la petroli, boti ya injini na jiko la gesi. Povu la lita 9 hufaa ghala lenye mbao, magodoro na mafuta ya taa, na tofauti na poda, linalowesha. Mtungi wa kaboni wa kilo 2 ni wa ofisi yenye kompyuta au kando ya mita ya umeme. Usitumike kwenye kichumba kisicho na dirisha mtu akiwa ndani, kwa sababu hewa hiyo hufukuza ile ya kupumua. Na kwa sufuria ya mafuta ya kukaangia viazi, kabla ya mtungi wowote: zima jiko, funika kwa kifuniko au gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, acha lipoe nusu saa. Anayeifunua mapema ili aone kama moto umekufa ndiye anayeungua.

Kuutumia kunafundishika kwa robo saa. Simama mgongo ukiwa upande wa upepo au wa mlango, chomoa pini, elekeza chini kwenye shina la moto wala si kwenye ndimi zake, bana mshikio, kisha fagia kushoto na kulia. Ndani ya chumba kidogo poda hutanda na kukupofusha, kwa hiyo ijue njia ya kutokea kabla ya kubana.

Hewa ya chumvi ya Lamu haina huruma na mitungi. Kila mwezi tazameni mshale uwe kwenye kijani, pini na lakiri viwepo, mdomo wa mpira usiwe na kiota cha mdudu, na kitako kisiwe na kutu. Kutu huanzia chini, mahali pasipoonekana, kwa hiyo uinueni. Ule wa kaboni kwa kawaida hauna mshale: upimwe kwa mizani na kulinganishwa na uzito ulioandikwa. Mtungi uliobanwa hata kwa sekunde mbili upelekwe kujazwa, maana chembe za poda hubaki kwenye vali na presha huvuja yote usiku huohuo.

Hapo pana gharama iliyojificha. Ukaguzi wa fundi ni wa kila mwaka, na mitungi ikilazimika kuvuka bahari hadi Mokowe kisha kusafiri kwa barabara hadi Malindi au Mombasa, inaweza kukaa nje wiki nyingi. Msiipeleke yote kwa mkupuo. Pelekeni nusu, irudi, ndipo nusu nyingine iondoke. Vikundi vya Shela na Mkomani vikiungana kumleta fundi mmoja aje na poda yake, nauli hugawanyika na mtaa haubaki uchi.

Pampu ya petroli

Pampu ndiyo huleta tamaa kubwa na majuto makubwa, kwa hiyo tuieleze taratibu.

Pampu ya kawaida ya inchi 2, ile ya kumwagilia mashamba, huandikwa kwamba inatoa lita 500 au 600 kwa dakika na kupandisha maji mita 30. Namba zote mbili ni za kweli, lakini hazipatikani pamoja. Mita 30 ni pale ambapo maji yamesimama kabisa. Lita 600 ni pale ambapo hakuna mwinuko wala mpira mrefu. Tuseme unataka lita 300 kwa dakika, ambapo pampu kama hiyo inabaki na nguvu ya mita 22 hivi. Toa mita 4 za kuvuta maji kutoka baharini hadi kwenye pampu. Toa mita 5 za kupanda mtaani. Halafu kuna msuguano: kusukuma lita 300 kwa dakika ndani ya mita 100 za mpira wa inchi 2 hula karibu mita 13. Jumla ni 22. Hakuna kilichobaki cha kurusha maji juu ya paa. Mpira wa inchi moja na nusu ni mbaya zaidi, kwa kiasi hichohicho cha maji msuguano wake unakaribia mara nne. Ndiyo maana siku ya moto watu hushika mdomo wa mpira na kuona maji yanachuruzika tu, wakadhani pampu imeharibika. Haikuharibika.

Pampu hasa ya zimamoto, yenye presha ya baa 6 na zaidi, inaweza kurusha. Lakini ni nzito, bei yake inanunua mapipa ya mitaa kadhaa, mpira wake wenye presha humvuta asiyefunzwa akaanguka nao, na inataka watu wanne waliofanya mazoezi.

Hata hivyo pampu ndogo ina kazi moja ambayo inaifanya vizuri ajabu: kujaza mapipa. Ukiacha mpira wazi ndani ya pipa bila kutaka mrusho, inaleta lita 150 hadi 200 kwa dakika bila taabu, na hizo zinalisha mistari miwili ya ndoo. Dakika ishirini za mapipa zinakuwa saa nzima na zaidi. Kwa hiyo pampu ya bei nafuu haichukui nafasi ya ndoo, inazilisha. Mtaa wenye pampu bila mapipa umenunua nusu ya kifaa.

Kisha kuna bahari yenyewe. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kwenye pwani yetu maji hukauka kabisa takriban saa nne au saa tano, asubuhi na usiku, wakati ambao majiko ya chakula cha usiku ndiyo yanazimwa. Mpira wa kufyonza wa mita 6 ulioyafikia maji yakiwa yamejaa utaning'inia juu ya matope. Kununua mpira mrefu zaidi wa kufyonza si suluhisho: kikomo cha kuvuta ni mita saba hivi za wima, na baada ya mita tano pampu nyingi hukaa dakika nyingi zikinguruma bila kushika maji. Suluhisho ni kuishusha pampu kwenye ngazi za gati, au kuiweka ndani ya mashua inayoelea mahali ambapo maji hayakauki, na kurefusha mpira wa kupeleka badala ya wa kufyonza. Mvuke wa petroli hutuama chini ya mashua, kwa hiyo isijazwe mafuta humo injini ikiwa moto.

Pampu ikikataa kuvuta, sababu ni zilezile karibu kila mara: tumbo lake halikujazwa maji kabla ya kuwashwa, mpira wa kufyonza ni laini na umejibana, raba ya kwenye kiungio imekauka ikapitisha hewa, au chujio la chini limezibwa na mwani au mfuko wa plastiki. Fungeni kikapu cha ukili kulizunguka chujio na nusu ya matatizo yataisha.

Maji ya chumvi hula alumini. Kila baada ya matumizi, hata ya mazoezi, iendesheni kwa maji matamu dakika tano, fungeni mafuta na kuiacha izime yenyewe ili kabureta ikauke. Petroli iliyokaa miezi mitatu au minne huwa nzito na kuziba njia, kwa hiyo tangi liwe tupu na lita tano mpya ziwe kwenye kopo la chuma, nje ya nyumba, mbali na jiko, zikibadilishwa kwa kuuziwa mwenye boti. Iwashwe kila wiki mbili. Hii ndiyo sababu tunasema pampu iwe ya mitaa kadhaa: inataka mtunzaji mmoja mwenye posho ndogo na daftari, na mtaa mmoja mara chache humudu kumlipa mwaka mzima.

Kwa ufupi, bega kwa bega

| | Mapipa, ndoo, upembo | Vizimamoto | Pampu ya inchi 2 |
|---|---|---|---|
| Watu wanaohitajika | 25 hadi 40 | 1 | 4, pamoja na mistari ya ndoo |
| Hudumu muda gani | dakika 20 kwa mapipa 10 | sekunde chache, hadi 60 | hadi petroli iishe, maji yakiwepo |
| Moto wa makuti | hulinda jirani, hukata njia | haufai | hujaza mapipa |
| Petroli, gesi, mafuta | hatari | bora | hatari |
| Kinachoharibika kwanza | maji kuchotwa, mishikio | vali, kutu ya kitako | kabureta, raba za viungio |
| Gharama ya kila mwaka | ndogo mno | ukaguzi na nauli ya kuvuka | petroli, mtunzaji |

Nani achague nini

Mtaa wa makuti Langoni, au kijiji cha kisiwani kama Faza na Kizingitini, uweke fedha zote za mwanzo kwenye mapipa, ndoo na upembo, na jioni mbili za vikao vya kupata saini. Zikibaki fedha, nunueni mtungi mmoja wa poda kwa kila duka linalouza petroli ya chupa, mwenye duka achangie nusu.

Mkomani yenye nyumba za mawe ina hatari nyingine: moto hauruki sana, lakini moshi hujaa ghorofani na ngazi ni moja, nyembamba. Hapo orodha ya wasioweza kutembea, nyumba kwa nyumba, ina uzito kuliko pipa la kumi. Iwekwe kwa watu watatu, isasishwe kila Rajabu au kila likizo ya shule, chochote ambacho mtaa hautasahau. Mitungi ya povu ikae chini ya ngazi, si juu.

Kikundi cha wavuvi kianze na poda ya kilo 2 kwa kila boti ya injini, ifungwe karibu na nahodha na mbali na injini, maana mtungi uliowekwa juu ya injini hauchukuliki injini ikiwaka. Wavuvi pia ndio watunzaji wazuri kuliko wote wa pampu ya pamoja: wanajua injini, wanajua maji ya siku, na mashua wanayo.

Madrasa na shule za chekechea wasinunue chochote kabla ya kuhakikisha mlango unafunguka kwa nje bila ufunguo. Baada ya hapo, mtungi mmoja wa povu na ndoo sita za mchanga vinatosha.

Kwa kila chaguo kuna vitu viwili vya bure ambavyo havina budi. Cha kwanza ni tangazo. Kipaza sauti cha msikiti huamsha mtaa mzima kwa sekunde chache ilhali simu zimezimwa sauti. Kubalianeni maneno mafupi yanayotaja mtaa na alama yake, si "moto, moto" tu, ambayo huwatoa watu wote mbio kuelekea pande zote. Namba za dharura 999 na 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ziandikwe ukutani kwenye kila kituo cha mapipa. Cha pili ni kumpa mtu mmoja kazi ya kuwafungua punda. Punda aliyefungwa karibu na moto hupiga mateke, huziba kichochoro, na mstari wa ndoo hauwezi kumpita.

Aliyeungua apoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, pete na bangili zivuliwe kabla hajavimba, afunikwe kitambaa safi kisichonyonyoka, apelekwe hospitali ya King Fahd. Siyo dawa ya meno, siyo mafuta, siyo chumvi. Maji ya mapipa yakiwa ya bahari hayafai kwa kazi hii, kwa hiyo kila kituo kiwe na mitungi miwili ya lita 20 ya maji matamu, yenye alama nyekundu na kifuniko kilichokazwa.

Mazoezi yafanywe mara mbili kwa mwaka. Moja lifanyike Novemba, kabla kaskazi haijashika. La pili lifanyike usiku wa bamvua, saa nne, maji yakiwa yamekupwa mbali kabisa na ukuta, umeme wa mtaa ukiwa umezimwa kwa makubaliano. Pimeni kwa saa: tangazo hadi ndoo ya kwanza kufika, kisha idadi ya ndoo ndani ya dakika tano. Mkipata chini ya thelathini, ongezeni watu kwenye mstari au sogezeni kituo cha mapipa, na mrudie wiki inayofuata.